Siri Zote Hizo, Walikuwa Wanamficha Nani?

Wasee, swali la leo ni hili. Nchi ambayo haina vita na mtu, kwa miaka mingi haikujiunga na muungano wowote wa kijeshi, na kila mwaka inasimama pale Umoja wa Mataifa kuhubiri amani, majasusi wa kijeshi ni wa nini? Na kama inao, inawaficha nani?

Nchi ninayoongelea ni Uswidi. Uswidi, si Uswisi, tafadhali. Uswisi ndio wale wa saa, chokoleti na akaunti za benki za wakubwa. Uswidi ndio wale wa Volvo, IKEA na Spotify unayosikizia ngoma ukiwa kwa mathree. Stori ya Uswisi pia iko na ni tamu, lakini hiyo tuiache kwa sasa.

Uswidi haijaingia vitani tangu 1814. Hebu rudia hiyo tarehe polepole. Vita Kuu ya Kwanza ilipita, ya Pili ikapita, jirani wote wakachomeka, wao wakabaki wima. Sera yao waliisema wazi: wakati wa amani hatujiungi na mtu, ili vita vikija tusiegemee upande wowote. Na kwa Mswidi wa kawaida hiyo haikuwa karatasi ya serikali tu. Ilikuwa kitambulisho. Vile sisi tunajivunia kukimbia, wao walijivunia kutopigana.

Sasa, nchi yoyote inaruhusiwa kuwa na siri. Sina ubishi hapo. Lakini nikisoma historia ya makachero wa Uswidi (kampasi niliacha, maktaba sijaacha) kuna kitu kinajirudia mpaka kinakera. Kila siri kubwa ikifunuliwa, unakuta Mrusi alikuwa anajua. Mmarekani alikuwa anajua. Mwingereza alikuwa anajua. Mtu pekee aliyekuwa gizani ni yule Mswidi anayelipa ushuru. Twende nayo kutoka mwanzo uone.

Aprili 1940, Ujerumani inavamia Denmaki na Norwe. Uswidi inajikuta katikati kama mtu aliyebanwa kiti cha nyuma. Upande huu Wanazi, upande ule Ufini ambayo imetoka tu kupigana na Wasovieti. Serikali inaamua kuishi. Inamuuzia Hitler chuma, na kuanzia 1940 hadi 1943 inaruhusu treni zilizojaa wanajeshi wa Kijerumani kupita kwenye ardhi yake. 1941 waliruhusu divisheni nzima kutoka Norwe ipite kwenda Ufini. Hiyo ni aibu ambayo Waswidi wenyewe wanaizungumzia mpaka leo.

Lakini kuna upande wa pili. Wajerumani wakishakaa Oslo wanahitaji kuongea na Berlin. Njia nzuri ni nyaya zinazopita Uswidi. Wanaomba. Waswidi wanasema, karibuni, tumieni tu, hakuna shida. Halafu wanachomeka zao pembeni na kusikiliza kila kitu.

Shida ni kwamba walichosikia hakikuwa na maana. Wajerumani walitumia mashine ya Siemens, teleprinta yenye magurudumu kumi ndani inayobadilisha ujumbe kuwa takataka upande mmoja na kuurudisha kuwa Kijerumani upande wa pili. Waliiamini kabisa. Jeshi la Uswidi likampelekea karatasi hizo profesa wa hesabu wa Uppsala anayeitwa Arne Beurling, wakati huo akiwa na miaka 35. Hakuwa na kompyuta. Hakuwahi kuiona hiyo mashine. Alikuwa na penseli, karatasi na ujumbe ulionaswa siku chache za mwisho wa Mei 1940. Wiki mbili hivi baadaye alikuwa amejua mashine hiyo inafanya kazi vipi ndani.

Wiki mbili, buda. Na penseli! Alan Turing unamjua kwa sababu alifanyiwa filamu. Beurling pengine unamsikia leo mara ya kwanza. Baadaye alihamia Marekani, kwenye taasisi ya Princeton, akapewa ofisi iliyokuwa ya Einstein. Watu walimuuliza miaka yote alifanyaje. Alikufa 1986 bila kusema.

Baada ya hapo kampuni ya Ericsson (ndio, hao hao wa simu za zamani) ikajenga mashine za kuiga ile ya Wajerumani, na kwenye nyumba moja ya kawaida ya Karlaplan, Stockholm, wafanyakazi wengi wao wanawake vijana wakawa wanachapa siri za Hitler usiku na mchana. Mamia ya maelfu ya ujumbe. Walijua mapema kwamba Ujerumani inajipanga kuvamia Muungano wa Sovieti 1941. Mwaka wa 1942 kitengo hicho kikawa idara kamili inayoitwa FRA. Shika hizo herufi tatu, tutakutana nazo tena.

Hapa mimi nawapigia saluti. Nchi ndogo imezungukwa na majitu, inaiba siri ili ijue kesho inavamiwa au la. Hiyo siri ilifichwa adui, na mwananchi akafaidika.

Wakati huo huo kulikuwa na idara nyingine, ya watu badala ya nyaya. Ilianzishwa mwisho wa 1939 chini ya meja anayeitwa Carl Petersén, na baadaye ikajulikana kama C-byrån, yaani ofisi ya C. Hata bungeni hakuna aliyeijadili. Kazi yake ilikuwa kutuma watu nje na kusikiliza wageni waliojaa Stockholm, kwa sababu mji wowote wa nchi isiyo upande wowote wakati wa vita huwa soko la majasusi. Mmoja wa watu wao alikuwa mwigizaji anaitwa Karin Lannby, jina la kazi Annette. Alikuwa ameenda Hispania wakati wa vita vya kule, anaongea lugha kadhaa, anaingia hoteli kubwa na kukaa na wanadiplomasia, halafu usiku anaandika ripoti. Wakati fulani alikuwa na uhusiano na kijana mmoja wa tamthilia ambaye hakuna aliyemjua bado. Huyo kijana ni Ingmar Bergman, ambaye baadaye dunia nzima ilimtambua kama mwongozaji wa filamu. Fikiria dem wako anakuandikia ripoti. Manze.

Vita vikaisha 1945, na hapa ndipo stori inageuka.

C-byrån ikafungwa 1946, ikazaliwa nyingine inaitwa T-kontoret, ofisi ya T. T ni Thede Palm, bosi wake, ambaye kitaaluma alikuwa mtu wa historia ya dini. Sasa adui ni mmoja tu, Moscow, na marafiki ni Washington na London. Hadharani Uswidi inasema, sisi hatuna upande. Chini ya meza, upande upo. Wakimbizi wa Estonia, Latvia na Lithuania waliokuwa wamekimbilia Uswidi walifunzwa na kurudishwa nyumbani kwa boti usiku wakapeleleze. Wengi waliishia mikononi mwa makachero wa Sovieti, kwa hivyo Moscow ilijua boti hizo zinatoka wapi. Aliyekuwa hajui ni msomaji wa gazeti Stockholm.

Na sasa tufike Juni 13, 1952. Siku hii ndiyo iliyonifanya niandike hii kitu.

Ndege ya jeshi la Uswidi aina ya DC-3, jina lake Hugin, inapaa kuelekea Bahari ya Baltiki ikiwa na watu wanane. Watatu ni wa jeshi la anga. Watano ni wa FRA. Ndani imejaa mitambo ya kunasa rada na redio za Sovieti, mitambo iliyotoka kwa Wamarekani na Waingereza, na kile kinachonaswa Uswidi inagawana nao. Ndege ya kivita ya Sovieti, MiG-15, inaipiga. DC-3 inaingia baharini. Siku tatu baadaye ndege nyingine ya Uswidi, aina ya Catalina, inatoka kuitafuta. Nayo inapigwa. Hao wa Catalina waliokolewa na meli iliyokuwa karibu, shukrani kwa Mungu.

Serikali ikasema nini? Kwamba DC-3 ilikuwa kwenye mazoezi. Safari ya mafunzo tu ya mambo ya redio na kuongoza ndege. Moscow nayo ikakana kabisa kuiangusha.

Hebu tuhesabu pamoja nani alijua nini. Mrusi alijua ndege ilikuwa inapeleleza, ndiyo maana aliipiga. Mmarekani na Mwingereza walijua, mitambo ilikuwa yao. Mkubwa wa Uswidi alijua, yeye ndiye aliyeituma. Sasa toa hao wote. Unabaki na nani? Unabaki na bibi za wale wanane, watoto wao na mama zao, wanaoambiwa baba alikuwa mazoezini. Kwa miongo. Kuna watoto waliozeeka wakisubiri jibu.

Mtu ataniambia serikali ingefanya nini, ikubali hadharani kwamba inapelelezea Nato? Ningekubali hiyo hoja wiki ya kwanza. Hata mwaka wa kwanza. Lakini ukimficha mtu jambo ambalo adui yake analijua vizuri, hiyo si siri ya usalama. Ni siri ya kulinda sura.

Kama bado unadhani Moscow ilikuwa gizani, kuna kanali mmoja anaitwa Stig Wennerström. Huyu alikuwa mtu wa jeshi la anga, mstaarabu, anaongea lugha, anapendwa kwenye sherehe. Alikuwa mwambata wa kijeshi Washington kutoka 1952 hadi 1957. Na kwa takriban miaka kumi na tano alikuwa anawauzia Wasovieti kila kitu alichoweza kupiga picha, hasa mipango ya ulinzi wa anga wa Uswidi. Mtu aliyekaa Washington miaka yote hiyo akiona jinsi Uswidi na Marekani zinavyobebana. Hebu niambie Moscow ilikuwa haijui nini.

Alishikwa vipi? Polisi wa usalama walimshuku muda mrefu bila ushahidi. Mwishowe wakaongea na mama aliyekuwa anafanya kazi za nyumbani kwake. Juni 1963 yule mama akapata rola za filamu zimefichwa kwenye dari. Kanali akakamatwa asubuhi akienda kazini, na kazi yenyewe wakati huo ilikuwa kushauri wizara ya mambo ya nje kuhusu kupunguza silaha. Alifungwa maisha, akaachiliwa 1974, akafa 2006 akiwa na miaka 99. Idara nzima za ujasusi, na kesi inavunjwa na mtu mwenye ufagio. Wakubwa husahau kwamba anayefagia nyumba ndiye anayejua nyumba.

Sasa tuingie kwa ile kubwa yenyewe.

Pale ndani ya makao makuu ya jeshi kulikuwa na kikundi kingine, cha ndani ya nchi, kinachoongozwa na Birger Elmér. Kazi yake ilikuwa kuangalia wakomunisti wa Uswidi. Mwaka wa 1965 kikaunganishwa na ofisi ya T na kikaitwa IB. Hata maana ya IB watu wanabishana. Wengine wanasema ni Ofisi ya Habari. Wengine wanasema I ni ukusanyaji na B ni Birger mwenyewe. Kwenye bajeti ya wazi hukuiona. Kwenye orodha za jeshi hukuiona.

Tatizo halikuwa kwamba jeshi lina jicho. Tatizo ni mahali jicho lilikuwa linaangalia na nani alikuwa analishika. Chama cha Social Democrats kilikuwa kimetawala Uswidi miongo mfululizo, na washindani wake viwandani na kwenye vyama vya wafanyakazi walikuwa wakomunisti. Chama kilikuwa na wawakilishi wake kazini kila mahali. Hao wakawa masikio. Jina la fulani anayesoma gazeti la mrengo wa kushoto kantini linapanda kutoka kiwandani, linapita kwenye chama, linafika kwa idara ya siri ya jeshi. Chama tawala na ujasusi wa kijeshi wakawa wanakula sahani moja.

Na usisahau 1969 serikali hiyo hiyo ilikuwa imetoa amri inayokataza kumwandika mtu kwenye rejista za polisi wa usalama kwa sababu tu ya msimamo wake wa kisiasa. Nzuri sana kwenye karatasi. Lakini kama polisi wamefungwa mikono na kuna idara nyingine ambayo rasmi haipo, hiyo amri inamfunga nani?

Vijana wawili wa habari, Jan Guillou na Peter Bratt, wakaipata hii stori. Chanzo chao kikuu kilikuwa Håkan Isacson, mtu aliyekuwa amefanya kazi IB na kutoka. Lakini sehemu ninayoipenda ni jinsi walivyothibitisha. Uswidi ina sheria ya uhuru wa uchapishaji ya 1766, kongwe kabisa duniani ya aina hiyo, inayompa raia haki ya kusoma hati za serikali. Jamaa wakatumia rejista za umma, zile ambazo Mswidi yeyote anaweza kuomba, wakaunganisha majina na kazi mpaka picha ikatokea. Idara ya siri kuliko zote ilianikwa na makaratasi ya kaunta. (Kwetu sheria ya kupata habari ilikuja 2016, na bado ukienda kuomba faili unaulizwa kwanza umetumwa na nani.)

Mei 3, 1973, jarida dogo la mrengo wa kushoto linaloitwa Folket i Bild/Kulturfront likatoa kila kitu. Kwamba kuna idara inaitwa IB. Kwamba inawafuatilia raia kwa sababu ya siasa zao. Kwamba imefungamana na chama tawala. Kwamba inabadilishana habari na Wamarekani, na na Waisraeli pia. Walichapisha mpaka majina na sura za wafanyakazi wa IB. Hapo, kusema ukweli, mimi nisingefika. Mkubwa wa idara mtaje, lakini karani anayepiga chapa ana watoto na ana mlango wa nyumba.

Mmoja wa waliotajwa ni Gunnar Ekberg, kijana wa Gothenburg aliyekuwa amejipenyeza kwenye vikundi vya kushoto na vya kuwaunga mkono Wapalestina, akasafiri hadi Mashariki ya Kati kama mwenzao, kumbe anaripoti IB. Baada ya jarida kutoka ilibidi aondoke nchini. Miaka mingi baadaye, 2009, aliandika kitabu chake mwenyewe akieleza upande wake.

Sasa elewa uzito wa hii kitu. Waziri mkuu alikuwa Olof Palme. Sisi Afrika tulimjua Palme kama rafiki. Mtu wa kuunga mkono ANC na Frelimo wakati wakubwa wengine wa Magharibi wakiwaita magaidi, mtu ambaye serikali yake iliijaza Tanzania ya Mwalimu Nyerere misaada. Mwaka wa 1968, akiwa waziri, aliandamana Stockholm bega kwa bega na balozi wa Vietnam ya Kaskazini kupinga vita vya Marekani, mpaka Wamarekani wakanuna. Na chini ya serikali ya huyo huyo, wanajeshi wa siri wanagawana habari na Wamarekani hao hao, na kijana wa kikundi cha mshikamano ambaye pengine alikuwa kwenye yale maandamano ana faili. Palme alikana. Waziri wa ulinzi Sven Andersson, ambaye kiti hicho alikikalia tangu 1957, naye akakana.

Halafu Oktoba wakakamatwa. Nani? Waliopeleleza raia? Hapana. Walioandika. Bratt, Guillou na Isacson, kosa lao ujasusi. Na hapa mwendesha mashtaka alicheza mchezo wa akili. Kesi za magazeti Uswidi zina utaratibu wake, zinaenda mbele ya baraza la raia, na anayejibu ni mhariri mwenye jukumu. Mhariri hakushtakiwa kabisa. Badala yake waandishi wakashtakiwa kama majasusi kwa sheria ya kawaida ya jinai, sehemu kubwa ya kesi ikasikizwa milango imefungwa, na Januari 4, 1974 kila mmoja akapewa mwaka mmoja ndani. Guillou alipunguziwa hadi miezi kumi kwenye rufaa. Hakuna mtu wa IB aliyelala jela hata usiku mmoja kwa kuwafuatilia raia.

Waliwapelekea adui siri gani hao vijana, hiyo mimi bado natafuta. Jarida liliuzwa barabarani kwa Waswidi.

Niseme pia kitu ambacho mashabiki wa Guillou hawapendi kusikia. Baada ya jela alikuwa mmoja wa waandishi wa riwaya wanaouza zaidi Uswidi, riwaya za jasusi anaitwa Carl Hamilton. Kisha 2009 gazeti la Expressen likafichua kwamba miaka ya 1967 hadi 1972 Guillou mwenyewe alikuwa anakutana na mtu wa KGB pale Stockholm na kupokea pesa. Alikubali kwamba walikutana, akasema alikuwa anachimba stori kama mwandishi. Wewe amua. Mimi naona mtu anaweza kuwa na mikono michafu na bado alichokileta mezani kikawa kweli.

Na kilikuwa kweli. Hiyo hatujapewa na wanaharakati, tumepewa na serikali yenyewe, ikiwa imechelewa. Mwaka wa 1994 tume moja ilieleza kwamba wakati wa Vita Baridi Uswidi ilikuwa imejiandaa kimyakimya kupokea msaada wa kijeshi kutoka Nato endapo Wasovieti wangevamia, pamoja na kurefusha viwanja vya ndege ili ndege za nje ziweze kutua. Mwaka wa 2002 tume nyingine, iliyochunguza idara za usalama, ikatoa maelfu ya kurasa na kuthibitisha ule uhusiano wa IB na chama. Kutoka 1973 hadi 2002 hesabu mwenyewe. Aliyekuwa na miaka 25 jina lake likiandikwa kiwandani alikuwa na 54 akisoma kwamba hakuwa na wazimu.

IB yenyewe haikufa. Ilibadilishwa jina, ikabadilishwa tena, na tangu 1994 inaitwa KSI, na iko hadi leo ndani ya jeshi. Na FRA, wale wa penseli ya Beurling? Juni 2008 bunge lilipitisha sheria ya kuwaruhusu kunasa mawasiliano yote yanayovuka mpaka kwa nyaya, intaneti ikiwemo. Vijana walijaa mbele ya bunge kuipinga. Sheria ikapita. Mwaka wa 2013, siri za Edward Snowden zilipomwagika, ikajulikana jinsi FRA ilivyo karibu na Wamarekani na Waingereza, hata ikatajwa kwa jina la utani, Sardine, yaani dagaa. Mei 2021 Mahakama ya Ulaya ya Haki za Binadamu, pale Strasbourg, ikaamua kwamba sheria hiyo haikuwa na kinga za kutosha kwa raia. Waliokuwa barabarani hapa kwetu Juni 2024 hawahitaji mimi niwaeleze kinga hiyo ni ya nini, au vile mtu hulala akijiuliza jina lake liko kwenye orodha gani.

Machi 7, 2024, Uswidi ikajiunga na Nato rasmi, baada ya Urusi kuvamia Ukraine. Wengine walilia kwamba miaka mia mbili imeisha siku moja. Mzee yeyote aliyefanya kazi FRA 1952 angewaambia kuna kitu walichelewa kuambiwa.

Kuhusu ile ndege. Muungano wa Sovieti ulikubali kuiangusha 1991, mwaka ule ule uliokufa. Mabaki ya Hugin yalipatikana chini ya Baltiki Juni 2003 na kuinuliwa Machi 2004. Ndani mlikuwa na mabaki ya watu wanne kati ya wanane, na familia zao zikapata kuzika. Ndege iko kwenye jumba la makumbusho la jeshi la anga mjini Linköping, na unaweza kusimama mbele yake uone matundu ya risasi. Wale wengine wanne hawajapatikana.